Wati ya Kwanza

Mabibi na mabwana, ndugu wapenzi wa muziki, hamjambo. Nashukuru kwa nafasi hii, na nawashukuru zaidi vijana wawili walionisaidia kulipandisha sanduku hili hadi juu ya meza. Wao wameshalijua jambo ambalo ninyi wengine mtalijua kwa kuambiwa: ni zito. Linakaribia kilo 30. Uzito huo una sababu yake, na nitaifikia.

Hii ni amplifaya ya stirio iliyokusanya kazi zote ndani ya sanduku moja. Upande mmoja wa saketi unapokea ishara kutoka kwenye CD, santuri au kompyuta na kuamua iende kwa kiasi gani. Upande wa pili unaipa ishara hiyo nguvu ya kusukuma spika. Wapo wanaozitenga kazi hizo kwenye masanduku mawili au matatu, na wana hoja zao, lakini mimi napenda sanduku moja. Njia ya ishara inakuwa fupi, waya zinapungua, na aliyeichora amplifaya anajua sehemu ya mbele itakutana na sehemu gani ya nyuma.

Nimeombwa nieleze kinachoifanya amplifaya ya hali ya juu istahili kuitwa hivyo. Jibu langu, baada ya miaka mingi ya kuzifungua, kuzipima na kuzisikiliza, ni hili: amplifaya bora hujulikana pembezoni. Katikati, kwa sauti ya wastani na spika isiyo na makuu, amplifaya nyingi nzuri zinafanana kiasi cha kushangaza. Mahali zinapoachana ni pawili: muziki unapokuwa mdogo kabisa, na muziki unapotoa pigo kubwa la ghafla. Na katika hapo pawili, pale padogo ndipo tunapoishi muda mwingi.

Tuanze na hesabu kidogo. Spika nyingi za nyumbani, ukizipa wati moja na kukaa umbali wa mita moja, hutoa kati ya desibeli 85 na 90. Hiyo ni sauti kubwa. Mtu akizungumza nawe kwa umbali huohuo, sauti yake ni kama desibeli 60. Kwa hiyo usiku, ukisikiliza muziki taratibu huku mwenzako anasoma kitabu pembeni, amplifaya yako inatumia sehemu ndogo tu ya wati moja. Zile wati nyingine zote ulizonunua zimekaa zinasubiri.

Zinasubiri nini? Zinasubiri pigo. Muziki uliorekodiwa vizuri unaweza kuruka desibeli 20 juu ya wastani wake: ngoma inapogongwa, waya wa besi unapovutwa kwa nguvu, mpiga piano anaposhuka kwa mikono yote miwili. Desibeli 20 ni mara 100 ya nguvu. Anayesikiliza kwa wati moja ya wastani anahitaji wati 100 kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, kisha hazihitaji tena mpaka pigo lijalo. Ila ukizidisha wati mara mbili, unapata nyongeza ya desibeli 3 tu. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inabidi iongezeke karibu mara 10. Ndiyo maana mtu anayetoka kwenye wati 80 kwenda 100 akidhani amepanda ngazi, kwa hesabu ya sauti hajasogea hata hatua moja.

Mimi hili nililijua baada ya kuumia. Nikiwa kijana nilinunua amplifaya iliyobandikwa karatasi ya rangi mbele yake, imeandikwa wati 200. Ilikuwa nyepesi, niliibeba kwa mkono mmoja. Niliunga kwenye spika ambazo nilikuwa nimezidunduliza kwa muda mrefu, nikapandisha sauti. Dakika kumi za kwanza nilifurahi. Baadaye sauti ikaanza kuwa na makali, kama bati linalokwaruzwa, nikadhani ndio ukubwa wenyewe. Halafu upande wa kulia ukafifia na chumba kikanuka vanishi iliyoungua. Ilikuwa koili ya twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, imekufa. Watu wengi wanaamini spika huuawa na amplifaya yenye nguvu nyingi. Yangu iliuawa na amplifaya dhaifu. Ilipoishiwa pumzi ilianza kukata vilele vya mawimbi, kile kilima cha mviringo kikawa kama meza, na kingo za meza hiyo zimejaa masafa ya juu ambayo hayakuwamo kwenye muziki. Yote yakamiminika kwenye waya mwembamba wa twita. Debe tupu haliachi kuvuma, na zile wati 200 zilikuwa za debe.

Miezi michache baadaye niliazimwa amplifaya ya wati 40. Arobaini tu, lakini uzito wake ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ile yangu. Nikaunga spika zilezile, twita nimeshaibadilisha. Siwezi kusahau namna besi ilivyosimama. Ilikuwa ikitoka sehemu moja, ina mwanzo na ina mwisho. Siku hiyo ndipo nilipoacha kusoma wati peke yake.

Sasa nifungue kifuniko. Plagi nimeichomoa tangu asubuhi, na kapasita nimezimaliza chaji, kwa sababu chombo cha namna hii hubaki na umeme wa kudhuru hata kikiwa kimezimwa. Tafadhali msifungue vyenu bila kulijua hilo.

Tazameni nafasi ilivyogawanywa. Karibu nusu ya sanduku haina uhusiano wa moja kwa moja na muziki. Ni ugavi wa umeme. Pete hii nene iliyoviringishwa waya wa shaba ni transfoma, na sehemu kubwa ya zile kilo iko hapa. Umbo la pete lina faida yake: uga wa sumaku unabaki ndani kuliko katika transfoma za mraba, hivyo mngurumo hausambai kwenye saketi zilizo jirani. Hapa pembeni kuna dayodi zinazougeuza umeme wa kwenda na kurudi uelekee upande mmoja. Na mikebe hii minne, kila mmoja unajaza kiganja, ndiyo kapasita.

Umeme wa ukutani huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na katika nchi nyingine mara 60. Ukishapita kwenye dayodi, kapasita zinajazwa mara 100 au 120 kila sekunde. Kati ya mjazo na mjazo, spika haichoti ukutani, inachota hapa, kama nyumba inavyochota kwenye tangi maji yakikatika. Transista zinafanya kazi ya bomba, zinafungua na kufunga kwa kufuata umbo la ishara. Kwa hiyo sauti mnayoisikia kwenye spika ni umeme wa kapasita hizi uliochongwa ukafanana na sauti ya mwimbaji. Ishara ya CD yenyewe haifiki kwenye spika hata kidogo. Inaelekeza tu. Mimi kila nikilifikiria hili naelewa kwa nini tangi dogo linaharibu muziki mkubwa.

Hesabu yake iko wazi. Wati 100 kwenye spika ya omu 8, omu ikiwa kipimo cha kizuizi cha umeme, ni volti 40 kwenye kilele cha wimbi, na ampea 5. Spika ikishuka hadi omu 4, volti zilezile zinadai ampea 10. Ikishuka hadi omu 2, ampea 20. Na spika hushuka. Ile namba 8 iliyoandikwa mgongoni ni ya jina tu. Kizuizi halisi hupanda na kuteremka kufuatana na masafa, na spika nyingi zinazoitwa za omu 8 zina mahali zinapogusa 4, au hata 3. Mara nyingi mahali hapo ni kwenye besi, ambako ndiko pigo kubwa linakotokea.

Ndiyo sababu, mkisoma karatasi ya vipimo, nawaomba msiishie kwenye mstari wa omu 8. Angalieni mstari wa omu 4. Amplifaya yenye ugavi wa kutosha ikitoa wati 100 kwenye 8, itakaribia 200 kwenye 4. Ikiwa inatoa 100 hapa na 120 pale, tangi ni dogo, na mtengenezaji amekwambia mwenyewe bila kukusudia. Ikiwa mstari wa omu 4 haupo kabisa, hilo nalo ni jibu.

Na uaminifu wa wati si wa vyombo vya bei ghali peke yake. Mwaka 1978 kampuni ya NAD ilitoa amplifaya ndogo iitwayo 3020, iliyoandikwa wati 20 kwa kila upande. Ilikuwa ya bei ya chini, sura yake ya kawaida kabisa, lakini iliweza kutoa mikondo mikubwa kwa muda mfupi kwenye spika ngumu, na ikawaaibisha wakubwa wake wengi. Zipo zinazopiga hadi leo. Niliwahi kubadilisha kapasita za mojawapo, na nilipoiwasha tena nilikaa nayo usiku mzima.

Hayo ni ya pigo kubwa. Nirudi kwenye wati ya kwanza, ambako naona mafundi wengi wanapita haraka.

Kwenye mapezi haya ya alumini kuna transista za kutolea nguvu, zimepangwa jozi. Mmoja anasukuma nusu ya juu ya wimbi, mwenzake anavuta nusu ya chini, wanapokezana kama wakimbiaji wa kijiti. Pale kijiti kinapobadilisha mkono, wimbi linapokuwa kwenye sifuri, ndipo hatari ilipo. Kama mmoja ameacha kabla mwenzake hajashika vizuri, kunakuwa na kijikono kilichovunjika kwenye wimbi. Wimbi likiwa kubwa, kilema hicho ni kidogo, sikio linakisamehe. Wimbi likiwa dogo, kilema kinabaki na ukubwa uleule, na sasa kimekuwa sehemu kubwa ya wimbi zima. Hivyo amplifaya mbaya inaweza kupima vizuri kwenye wati 50 na ikasikika kavu na yenye mchanga kwenye nusu wati. Mwenye nayo hujikuta anapandisha sauti kila mara bila kujua kwa nini.

Dawa ni kuziacha transista zipitishe mkondo kidogo hata pasipo muziki, ili zisilale kabisa. Hiyo ndiyo daraja AB, na amplifaya nyingi ziko humo. Ukiuongeza mkondo huo hadi transista zisizime kamwe, umefika daraja A. Makabidhiano hayapo tena, kwa sababu wote wawili wameshika kijiti muda wote. Gharama yake ni joto. Amplifaya ya daraja A haiwezi, hata kwa nadharia, kugeuza zaidi ya nusu ya umeme wake kuwa sauti, na kwa muziki wa kawaida inageuza asilimia chache tu. Inakula umeme uleule iwe inaimba au imenyamaza. Zinazofanya kazi daraja A zikiwa na sauti ndogo, kisha zikaingia AB pigo likija, kwangu mimi ni maafikiano ya busara. Hii iliyo mezani ni ya namna hiyo. Nikiwa nimeiwasha saa nzima, mapezi yake huwezi kuyashika kwa mkono ukahesabu hadi ishirini.

Kuna dawa nyingine, nayo ina historia yake. Asubuhi ya Agosti 2, 1927, mhandisi wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu ya Marekani, aitwaye Harold Black alikuwa kwenye feri akivuka mto Hudson kwenda kazini New York. Alikuwa amesumbuka miaka mingi na amplifaya za simu za masafa marefu, ambazo kila moja iliongeza uchafu wake kwenye sauti. Juu ya maji wazo likamjia: chukua sehemu ya kinachotoka, kirudishe kwenye mlango wa kuingilia kikiwa kimegeuzwa, na tofauti kati ya kilichoingia na kilichotoka itajisahihisha yenyewe. Hakuwa na karatasi, akachora kwenye ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo mkononi. Hataza aliipata mwaka 1937. Tunauita mrejesho hasi, na bila huo hakuna amplifaya ya transista tunayoijua leo.

Wapo wanaousema vibaya mrejesho, kwamba unaua uhai wa muziki. Kwa maoni yangu wanailaumu dawa kwa kosa la mganga. Mrejesho ukimiminwa mwingi juu ya saketi ya polepole, kweli matokeo yake huwa mabaya kwenye mapigo ya haraka. Ukitumiwa juu ya saketi ambayo tayari ni safi, unaongeza usafi, na huusikii.

Swali la kumwuliza muuzaji, basi, ni mvurugiko wa sauti kwenye wati moja, usiwe ule wa kwenye nguvu zote tu. Na kelele vilevile. Karatasi ikisema kelele iko chini kwa desibeli 100, mara nyingi imepimwa dhidi ya nguvu zote za amplifaya. Kama nguvu hizo ni wati 100, basi kwenye wati moja zimebaki desibeli 80. Njia rahisi ya kujua haihitaji kipimo. Chagua mlango usio na kitu, weka kitufe cha sauti pale unapopendelea kusikiliza, kisha peleka sikio karibu kabisa na twita, halafu urudi kwenye kiti chako. Ukiendelea kusikia mvumo kutoka pale unapokaa, umo ndani ya muziki wako kila siku.

Amplifaya ikiwa imewashwa, ukizungusha kitufe hiki kikubwa cha mbele husikika hivi. Tik, tik, tik. Hizo ni relei, swichi ndogo zinazoendeshwa kwa umeme. Kwenye amplifaya nyingi kitufe cha sauti kinazungusha kipande cha kaboni chenye njia mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia. Njia hizo hazilingani sawasawa, hasa mwanzoni mwa mzunguko. Matokeo yake, ukipiga kwa sauti ndogo usiku, mwimbaji aliyepaswa kusimama katikati anajivuta upande mmoja, na ukiongeza sauti anarudi. Hapa badala ya kaboni kuna ngazi ya rezista zilizopimwa moja moja, na relei inachagua. Kushoto na kulia ni sawa hata kwenye kidato cha kwanza. Kitu hiki hakionekani kwenye picha za matangazo, lakini kama ningelazimika kuchagua sifa moja ya anasa, ningechagua hii kabla ya mita, kabla ya taa, kabla ya bamba la alumini lenye unene wa kidole.

Wenye santuri wananisubiri, najua. Mlango wa santuri ndio mtihani mgumu kuliko yote. Mchezeshaji wa CD hutoa volti 2. Kichwa cha sindano cha sumaku inayotembea hutoa kama milivolti 5, na kile cha koili inayotembea huweza kutoa milivolti 0.3. Kulifikisha hilo kwenye kiwango cha CD ni kulikuza zaidi ya mara 6,000, ndani ya sanduku lenye transfoma inayovuma umbali wa shubiri mbili. Si kukuza tu. Wakati wa kukata santuri, besi hupunguzwa ili mifereji isipanuke ikagongana, na sauti za juu huongezwa ili zishinde mkwaruzo. Mkunjo wa kufanya hivyo ulisawazishwa na RIAA, chama cha kampuni za rekodi cha Marekani, mwaka 1954, na mlango wa santuri una kazi ya kuugeuza: kama desibeli 20 juu kule chini kabisa, kama desibeli 20 chini kule juu kabisa. Tazameni hapa, saketi yake imefungiwa ndani ya kisanduku cha chuma peke yake, kwenye kona iliyo mbali kabisa na transfoma. Aliyepanga hivi alikuwa anasikiliza.

Sehemu nyingine nitazipitia upesi. Soketi hizi za pini tatu hupokea ishara mbili zilizo kinyume, ili kelele iliyoingia njiani kwa zote sawasawa ifutwe mwishoni. Ni nzuri kwa waya mrefu. Kwa waya wa mita moja nyumbani, msihuzunike mkizikosa. Kigeuzi cha dijitali kilichomo ndani ni cha kufaa, kinapokea hadi biti 24, wakati CD tangu mwaka 1982 ni biti 16. Lakini teknolojia hiyo inazeeka haraka kuliko shaba na alumini, kwa hiyo nafurahi kwamba humu kimewekwa kwenye kadi inayochomoka. Amplifaya inaweza kuishi miaka 40, na kadi ibadilike mara nne.

Vitufe vya besi na trebo nitavitetea kidogo, maana siku hizi watengenezaji wengi wa vyombo vya bei ghali wameviondoa wakidai usafi wa ishara. Saketi nzuri ya kazi hiyo ilichapishwa na Peter Baxandall, Mwingereza, mwaka 1952, na bado inatumika. Na tangu mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walishaonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu linaipoteza besi kuliko sauti za kati. Nani basi anayesikiliza vibaya, anayeongeza besi kidogo usiku ili ala zirudi kwenye uwiano wake, au anayeikosa kwa ajili ya kanuni? Humu vipo, na kuna swichi ya kuviruka kabisa. Hivyo ndivyo inavyopaswa.

Kuhusu udhibiti wa koni. Spika ni mota, lakini pia ni jenereta. Ikishasukumwa, inataka kuendelea kuyumba, na kuyumba huko kunazalisha umeme unaorudi kwenye amplifaya. Amplifaya yenye kizuizi kidogo cha kutolea inaufunga umeme huo, na koni inashika breki. Ndio mwisho wa noti ya besi ninaousemea tangu mwanzo. Lakini msidanganywe na namba za 500 na 1,000 zinazotangazwa kama kipimo cha udhibiti huo. Waya wa kwenda kwenye spika una kizuizi chake, na koili ya spika yenyewe ina omu kadhaa. Ukishafikia kiwango cha kutosha, namba zilizobaki ni mapambo.

Na daraja D, ambayo wengi mmeniuliza kabla sijapanda hapa. Badala ya kufungua bomba nusu nusu, inawasha na kuzima mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na wastani wake ndio wimbi. Hupoteza umeme kidogo sana, hufikia karibu asilimia 90 ya ufanisi, na haihitaji mapezi haya. Zile za mwanzo sikuzipenda, sauti zake za juu zilinichosha. Nzuri za sasa nimezisikiliza na nimezikubali, na hata kwenye wati ya kwanza ni safi. Uzito hautakuwa kipimo kwa vyombo hivyo, na mimi mwenyewe nimelazimika kubadilisha mazoea yangu ya kuinua kwanza ndipo niulize.

Sasa narudisha kifuniko, nachomeka plagi na kuwasha. Wakati transista zinapata joto, neno juu ya kulinganisha, kwa kuwa leo mtasikia amplifaya mbili. Sikio lina udhaifu mmoja mkubwa: chenye sauti kubwa kidogo hukiona kuwa bora. Hukiona kina uwazi zaidi, besi nono, mwimbaji aliye karibu. Tofauti ya nusu desibeli inatosha kukushawishi, na hutajua kwamba ni ukubwa tu. Kwa hiyo asubuhi nimecheza mlio wa hezi 1,000, nikaweka kipimo cha volti kwenye vituo vya spika, nikaisawazisha ya kwanza kwenye volti 2.83, kisha ya pili. Nilikubali zipishane kwa volti 0.03, ambayo ni sehemu ya kumi ya desibeli. Kituo cha kila kitufe nimekiwekea alama ya chaki. Ipi inacheza sitawaambia mpaka mmeshaandika mlichosikia. Mkisema hamjasikia tofauti, hilo ni jibu halali na naliheshimu. Mimi mwenyewe nimeshindwa mara nyingi kuzitenga amplifaya nzuri kwenye muziki uliojaa, uliorekodiwa kwa kiwango kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ndiyo maana nimechagua rekodi ya piano peke yake, ndani ya ukumbi mkubwa. Tutaanza kwa sauti ndogo, ndogo kuliko mazungumzo yenu ya sasa hivi. Msisikilize noti zinapoanza, hizo kila amplifaya itazitoa. Kuna mahali, karibu dakika ya pili, mpigaji anabonyeza kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, na kuiacha. Inafifia polepole, sekunde kumi au zaidi. Kwanza inaondoka ile sauti ya nyundo, zinabaki nyuzi. Kisha nyuzi zinaondoka, kinabaki chumba. Mwishoni kabisa anaachia kanyagio, na vizimio vinashuka juu ya nyuzi kwa mlio laini kama kitambaa kinachowekwa mezani. Kwenye amplifaya mojawapo mtausikia. Halafu baada yake linakuja pigo la mikono miwili bila onyo lolote.

Naomba taa za nyuma zizimwe, na walio karibu na feni waizime pia. Transista zimeshapata joto. Naweka sindano.